Gari Iliyotumika na Aibu ya Injini Yake

Katika darasa letu tumeletewa suali ambalo halimhusu muulizaji peke yake. Ndugu yetu mmoja wa hapa Pwani, afanyaye kazi Nairobi, alionyeshwa gari katika kiwanja kimoja cha Ngong Road: Subaru Outback ya lita 2.5, iliyoundwa mwaka 2007. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya wenziwe. Dalali akasema: "Gari hii yauzwa kama ilivyo, ukishalipa, usiturudie." Je, neno hilo lamwokoa muuzaji?

Kwanza yafaa kuijua injini yenyewe, kwani hukumu hufuata ujuzi wa kitu. Injini ya Subaru imelala, silinda zake zimeelekea kulia na kushoto. Kwa hivyo ina vichwa viwili, na kila kichwa kina gasketi yake. Injini za lita 2.5 zisizo na tabo, za miaka ile, zimejulikana ulimwenguni kwa gasketi hizo kuvuja oili au maji ya rejeta. Fundi mwema hufungua vichwa, huvisawazisha, na hutia gasketi za chuma zenye tabaka kadhaa. Kazi ikifanywa vyema injini hudumu. Isipofanywa, maji hupungua, joto huzidi, na vichwa hupinda.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Udhaifu wa aina nzima ni sababu ya kuuliza. Aibu iliyomo katika gari hii hasa ndiyo iliyo wajibu kuelezwa. Kusema "Subaru hizi huvuja" si kusema "hii yavuja", na muuzaji ajuaye la pili hatoki kwa kutaja la kwanza.

Mtume wetu (s.a.w.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umajimaji ndani, akamlaumu mwenyewe kwa kutouweka juu watu wauone. Akakataza pia kumwacha ngamia au mbuzi bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike. Leo yuko atiaye oili nzito ili sauti ya injini itulie, na aioshaye injini asubuhi ya kuja mnunuzi ili alama za uvujaji zisionekane. Kiwele ni kile kile! Na wanazuoni wetu wa Kishafii wamesema kwamba wajibu wa kueleza haumkalii muuzaji peke yake, bali hata mtu mwengine aijuaye aibu. Dalali basi atajificha wapi?

Ama sharti la "kama ilivyo", Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 wa Hijra) ameeleza katika Minhaj kwamba, kwa kauli iliyo na nguvu zaidi, sharti la kujivua na aibu humvua muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, si katika jengine. Mnyama hula na kuugua kwa siri; gari si mnyama.

Lakini mnunuzi naye asijisahau. Akielezwa aibu akaridhika, hana haki ya kurudisha kwa aibu hiyo. Akiigundua baadaye, yampasa arudishe upesi na aache kuitumia. Aendaye nayo Westlands kazini mwezi mzima, kisha akataka fedha zake, haki yake ya kurudisha imeanguka. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa nayo haimlindi aliyekagua kwa aibu ambayo ukaguzi ule ulipasa kuionyesha.

Tena azingatie umri. Kenya hairuhusu kuingizwa gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka minane. Basi gari ya 2007 haikushuka Mombasa juzi, bali imekwisha kupita mikononi mwa watu humu humu. Aulize risiti za fundi.

Ndugu yetu tulimshauri aende alfajiri, injini ingali baridi, pamoja na fundi wake mwenyewe kutoka Kirinyaga Road. Waiendeshe kwenye mwinuko wa kuelekea Ngong, kisha watazame chupa ya maji ya rejeta. Walipotazama, mapovu yalikuwa yakipanda mfululizo. Alimwuliza muuzaji mbele ya fundi kama gasketi zimewahi kubadilishwa. Muuzaji akamtazama dalali, na dalali akatazama chini. Ndugu yetu alirudi mjini kwa matatu.