Mashine Iungayo Maneno: Kwa Nini Yafanana na Mtu?

Tuseme mwanafunzi wa Muze, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa, aiuliza mashine ya akili mnemba: "Maji ya Ziwa Rukwa hutoka kwa mto gani?" Huenda mashine ikamtajia mto, tena kwa lugha fasaha isiyo na shaka. Kumbe ziwa hilo halina mto wa kutolea maji. Maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke. Je, kosa la namna hii hutoka wapi?

Hebu tukamilishe maneno haya: "Haba na haba hujaza ..." Bila shaka msomaji amekwisha sema "kibaba". Mashine nayo hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Kwanza hupewa maandishi mengi mno, yaliyokatwa vipande vidogo na kugeuzwa namba. Hukisia kipande kifuatacho. Ikikosea, namba zake za ndani, ambazo huweza kufikia mabilioni, hurekebishwa kidogo. Baada ya marudio mengi huweza kukadiria uwezekano wa kila kipande. Huchagua kimoja, hukiongeza, kisha huanza tena hadi jibu likamilike. Mwaka 2017 watafiti wa Google walieleza mfumo uitwao transfoma, ambao hupima jinsi maneno ya matini yanavyohusiana, hata yakiwa mbalimbali.

Sasa turudi ziwani. Ziwa Viktoria hutoa maji kwa Nile, Tanganyika kwa Lukuga, na Nyasa kwa Shire. Mashine iliyozoea mifano hiyo huvutwa kutaja mto, hasa pale ambapo maandishi juu ya Rukwa ni machache. Haikukusudia kudanganya, imefuata mazoea ya maneno tu.

Mbona basi yafanana na mtu? Sababu ni tatu. Kwanza, maneno yake yametokana na maandishi ya watu. Pili, watu huajiriwa kupima majibu yake, nayo hurekebishwa ielekee yale yanayopendeza. Ndiyo maana huomba radhi kwa adabu. Tatu, sisi wenyewe hudhani kwamba kila kisemacho kina moyo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa Marekani, alieleza programu yake ELIZA, ambayo iligeuza maneno ya mtu kuwa maswali. Alistaajabu kuona baadhi ya watu wakiizungumzia mambo yao ya siri.

Basi ufasaha si ushahidi. Mashine husema kweli na uongo kwa sauti ile ile, na mambo ya kwetu yasiyoandikwa ndiyo iyajuayo kwa uchache zaidi.

Zoezi: Andikeni maswali matano juu ya Muze: mpunga, samaki, mvua, ziwa na maneno ya Kifipa. Iulizeni mashine, kisha waulizeni wazee na wavuvi, mkaangalie pia ramani. Majibu yakitofautiana, elezeni lipi lina ushahidi. Hatimaye yaandikeni mliyoyathibitisha, maana lisiloandikwa na wenyeji litakisiwa na wageni.