Usifunge Namba Ambayo Ingali Ikitumiwa

Sisi tunaojifunza kuandika programu za kompyuta hufundishwa mapema kwamba faili uliyoifungua, uifunge ukiisha kuitumia. Sheria hii ni njema, lakini katika seva yenye nyuzi nyingi haitoshi. Yatupasa kuuliza pia: ni nani mwenye haki ya kufunga, na afunge lini?

Kwanza nieleze maneno. Seva ni programu inayohudumia wateja wengi. Ili mmoja asiwacheleweshe wengine, kazi hugawanywa kwa nyuzi, yaani njia kadha za utendaji ziendazo pamoja ndani ya programu moja. Programu ikifungua faili, au ikimpokea mteja kwa soketi, mfumo wa Unix au Linux huipa namba tu. Namba 0, 1 na 2 kwa desturi zimekwisha kushikwa: ya kuingiza maneno, ya kuyatoa, na ya kutolea habari za makosa. Baada ya hizo, hutolewa namba iliyo ndogo kuliko zote zilizo wazi.

Namba hizo ni mali ya programu nzima. Nyuzi zote huzishiriki. Hapo ndipo hatari ilipo. Tuseme uzi wa kwanza unatayarisha jibu la Asha, ambaye soketi yake ni namba 7. Uzi wa pili waona Asha amekawia, wafunga namba 7. Mara Yohana aingia, naye apewa namba 7, kwa kuwa ndiyo ndogo iliyo wazi. Uzi wa kwanza, usiojua lililotokea, waandika jibu lake katika namba 7. Siri ya Asha, labda hesabu ya fedha zake, yamfikia Yohana! Wala kompyuta haionyeshi kosa lolote, maana kwake namba 7 ni halali. Ni kama sanduku la posta lililopewa mtu mpya, huku barua za yule wa zamani zingali zikitiwa humo.

Dawa yake ni nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila soketi iwe na hesabu ya wanaoitumia, nayo ilindwe kwa kufuli ili nyuzi mbili zisiibadili kwa wakati mmoja. Seva yenyewe huhesabiwa moja tangu mwanzo. Uzi ukitaka kuitumia soketi, huongeza moja. Ukimaliza, hupunguza moja. Atakayeifikisha hesabu sifuri, huyo peke yake ndiye afungaye.

Seva ikitaka kumwondoa mteja, isifunge ghafula. Na itie alama kwamba soketi haipokei watumiaji wapya, itoe amri ya "shutdown", ambayo hukata mazungumzo bila kuiachia namba, kisha ipunguze moja yake. Nyuzi zilizokuwa zikingoja huamka na kuondoka, na wa mwisho hufunga.

Tena, katika Linux, amri ya "close" ikijibu kwamba imekatizwa, usiirudie. Namba imekwisha kuachiliwa, na pengine uzi mwingine umekwisha kuipata. Ukirudia, waweza kumfungia mgeni asiye na hatia.

Basi, wenzangu, nanyi ndugu zetu mliomaliza shule na mnaosimamia seva makazini, kagueni kila mahali penye amri ya kufunga, mwulize: je, hakuna mwingine anayeitumia namba hii?