Si Kila Jani Bichi ni Malisho

Wengi wetu twafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, nasi tumezoea kusema ya kuwa mvua ikinyesha na nchi ikapata majani, taabu ya mifugo imekwisha. Neno hili ni kweli kwa sehemu tu. Mnyama aweza kujaza tumbo akakonda. Tena aweza kuingia katika shamba la kijani asubuhi, na kabla ya adhuhuri akawa amekufa. Yafaa tujue sababu zake, ili tuzuie hasara, na ili tusimhukumu jirani bure.

Swala akimwona simba hukimbia, lakini mti hauna miguu. Huliwa pale pale uliposimama. Kwa hiyo mimea ina njia zake za kujilinda, nazo ni nyingi. Hapa tutazitazama tatu.

Njia ya kwanza yaonekana kwa macho, ndiyo miiba. Katika nyika za Laikipia, nchini Kenya, kuna mgunga wenye vinundu vilivyo wazi ndani, na sisimizi hukaa humo. Mnyama akigusa tawi, sisimizi hutoka kwa wingi na kumng'ata, hata tembo huuepuka mti huo. Tangu mwaka 1995 wataalamu wamezungushia ua sehemu za nyika hiyo, mahali paitwapo Mpala, ili wanyama wakubwa wasiingie. Migunga iliyomo ndani ya ua, kwa kuwa hailiwi tena, ilianza kutoa miiba mifupi zaidi. Twajifunza hapo kwamba ulinzi wa mmea si wa namna moja siku zote. Huzidi na kupungua kwa kadiri ya hali yake.

Njia ya pili haionekani, nayo ni ugumu wa jani lenyewe. Nyasi changa zina chakula kingi cha kujenga mwili, yaani protini. Zikikomaa, protini hupungua na nyuzi ngumu huongezeka. Tena ng'ombe hayeyushi majani kwa nguvu zake peke yake. Tumboni mwake mna vijidudu vidogo mno vinavyomsaidia, navyo vyahitaji protini pia. Protini ya majani ikishuka chini ya sehemu 7 hivi katika 100, vijidudu hivyo hudhoofika, majani hukawia tumboni, na mnyama hula kidogo. Ndiyo sababu wakati wa kiangazi twaona tumbo limejaa na mbavu zahesabika.

Miti mingi huongeza tanini, kitu kile kile kilichomo katika maganda ya mikoko ambayo watu hutumia kudabagi ngozi. Tanini hushikamana na protini, mnyama asipate faida yake. Katika miaka ya 1980 tandala wengi walikufa katika mashamba ya Transvaal, Afrika Kusini, yaliyozungushiwa nyua, ingawa majani ya kula yalikuwapo. Profesa Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria alichunguza, akaeleza kwamba tanini ya migunga iliwazuia wasiyeyushe chakula chao. Mnyama aliye huru huonja mti huu kidogo, kisha huenda kwa mwingine. Lakini aliyefungiwa hurudia mti ule ule.

Njia ya tatu ni sumu, na hapa twaja kwenye mtama wetu. Mwaka 1902 Waingereza wawili, Dunstan na Henry, walitambua ndani ya mtama mchanga kitu wakakiita dhurini, kutokana na neno la Kiarabu dhura, yaani mtama. Dhurini yenyewe imetengwa na kitu kingine kinachoivunja. Jino likiponda jani, viwili hivyo hukutana, na mara hutoka sumu kali iitwayo sianidi. Sumu hii haizuii hewa isiingie kifuani, bali huuzuia mwili usiitumie hewa iliyo katika damu. Mnyama hupumua kwa haraka, hutokwa na mate, hutetemeka, huanguka, naye aweza kufa kabla msaada haujafika.

Mtama uliokomaa una sumu kidogo, na punje kavu hazina hatari hiyo. Penye hatari ni mtama mchanga, uliodumaa kwa ukame, na machipukizi yanayotoka mashinani baada ya kuvuna. Basi, nyasi changa ndizo bora, lakini mtama mchanga ndio mbaya. Asiyejua tofauti hii huwapeleka ng'ombe wenye njaa penye machipukizi mazuri, na jioni analia.

Hapo ndipo maneno huanza: fulani amewatilia sumu, fulani ana jicho baya. Ujirani wa miaka mingi huvunjika kwa ajili ya jambo lililokuwamo ndani ya jani. Ndugu, kabla ya kumtaja mtu, tuulize kwanza ng'ombe walilishwa wapi siku ile.

Tushike haya. Kwanza, mifugo wasiingie katika mtama ambao haujapita kimo cha sentimita 75, wala katika machipukizi baada ya mavuno. Pili, wenye njaa walishwe nyasi kwanza. Tatu, mabua ya kulisha yaanikwe vema mpaka yakauke, maana sumu hupungua. Nne, dalili zikionekana, mifugo waondolewe shambani upesi na daktari wa mifugo aitwe mara moja. Anazo dawa za sindano, lakini wakati ni mfupi.

Walimu na wazee, wafundisheni mambo haya vijana wachungao, maana mara nyingi ng'ombe wa nyumba nzima wamo mikononi mwa mtoto. Mtoto huyo asiambiwe tu, "Wapeleke palipo na majani." Aonyeshwe mtama mchanga kwa kidole, aambiwe, "Hapa wasiingie."