Kuku wa Kienyeji wa Pwani ya Lindi na Akiba ya Seli Shina

Seli shina ni seli ambazo bado hazijashika kazi maalumu mwilini, na ambazo zinaweza kugawanyika mara nyingi na kuzaa seli za aina nyingine, kama vile za mfupa, gegedu au kano. Kwa sababu hiyo matabibu wa wanyama wamezigeukia ili kurejesha tishu iliyoharibika, hasa kano za farasi na viungo vya mbwa. Seli huchukuliwa katika uboho, mafuta au damu, hukuzwa maabara, kisha hudungwa mahali penye jeraha, na mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa ya kwanza ya namna hiyo kwa farasi wanaochechemea kwa uvimbe wa viungo. Kwa mfugaji wa Somanga, Kilwa Kivinje au Mchinga, ambaye pengine ana kuku kumi au ishirini wanaojitafutia chakula chini ya mikorosho na minazi, tiba hiyo bado iko mbali, kwani gharama ya kumtibu farasi mmoja huzidi thamani ya kundi lake zima.

Hata hivyo, tawi moja la elimu hiyo linawagusa kuku hao moja kwa moja, nalo ni lile la seli asilia za uzazi, yaani seli changa ambazo baadaye huwa mbegu ya jogoo au yai la tetea. Katika ndege seli hizi zina tabia ya pekee: kabla ya kutulia katika viungo vya uzazi husafiri kwanza ndani ya damu ya kiinitete, kwa hiyo yai lililoatamiwa kwa siku mbili na nusu hivi linaweza kufunguliwa, tone dogo mno la damu likachukuliwa, na seli chache zilizomo zikakuzwa maabara kwa majuma kadhaa hadi zikafika maelfu kwa maelfu. Baada ya hapo hugandishwa katika nitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ambamo zinaweza kukaa miaka mingi bila kuharibika.

Njia hii ina uzito mkubwa kwa sababu mbegu za jogoo zikigandishwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kutungisha, na yai la kuku, kwa wingi wa kiini chake, haligandishiki kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Roslin ya Chuo Kikuu cha Edinburgh walionyesha kwamba seli zilizohifadhiwa zinaweza kupandikizwa katika viinitete vya kuku walioondolewa uwezo wa kutengeneza mayai yao wenyewe, na matetea hao walipokua wakataga mayai ya mbari nyingine, ile iliyotoa seli. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) iliyoko Nairobi inashirikiana na Roslin katika kazi hiyo, na imeanza kukuza na kuhifadhi seli za kuku wa kienyeji wa Afrika Mashariki.

Haja ya akiba hiyo inaonekana wazi katika vijiji vya pwani. Kuanzia mwaka 2014 mradi ulioongozwa na ILRI katika Tanzania, Ethiopia na Nigeria uliwajaribu kwa wafugaji wadogo kuku walioboreshwa, wakiwamo Kuroiler wa India na Sasso wenye asili ya Ufaransa, na kuku hao sasa wamezagaa. Sifa zao ni za kweli, kwa kuwa hukua upesi na hutaga zaidi. Lakini huhitaji chakula kingi na mara nyingi hawaatamii, na jogoo wao akiachiwa ovyo, baada ya vizazi vichache kuku halisi wa kienyeji, kama kuchi mrefu au kishingo, hapatikani tena kijijini. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jeni inayomfanya kishingo awe na shingo tupu humpunguzia pia manyoya ya mwili, pengine hadi asilimia 40, naye hupoza mwili wake kwa urahisi katika joto la Lindi ambalo huwafanya kuku wengine wahemeheme mchana kutwa na kupunguza kula.

Maabara, kwa ustadi wake wote, haiwezi kuchukua seli katika banda lililokwisha kufa, na hapa ndipo kazi inapoangukia mikononi mwa mfugaji. Mvua zikishapita na upepo wa kusi ukishika, huanza kipindi ambacho mdondo, ugonjwa wa virusi usio na tiba, huenea zaidi, nao huweza kumaliza kuku wote wa kaya kwa siku chache: huharisha kijani, hukoroma, hupinda shingo na kufa. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa Kibaha na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania kwa jina la TEMEVAC, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, ingawa uvumilivu huo usichukuliwe kuwa ruhusa ya kuiacha juani au kuibeba mfukoni. Kila kuku, awe kifaranga au jogoo mkubwa, apewe tone moja katika jicho moja, na kuku ashikwe mpaka tone lienee jichoni; kazi hii ni rahisi zaidi alfajiri, kabla kundi halijafunguliwa. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka na hufifia baada ya miezi michache, hivyo chanjo irudiwe kila baada ya miezi mitatu, na majirani wapange siku moja, kwani kaya moja isiyochanja hubaki kuwa mlango wa ugonjwa kwa kitongoji kizima. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo.

Mwenye kuchi au kishingo wazuri awatenge na majogoo wa mchanganyiko wakati wa kukusanya mayai ya kuatamisha, jogoo mmoja kwa matetea wasiozidi kumi, na mayai hayo yasikae zaidi ya siku saba hadi kumi kabla ya kuwekwa chini ya tetea. Jogoo wa ukoo abadilishwe kwa kupeana na mfugaji wa kijiji kingine mwenye aina hiyo hiyo, ili watoto wasizaane na baba yao. Na huyo jogoo mgeni afungiwe peke yake wiki mbili, apewe tone lake la chanjo siku ya kwanza, ndipo aachiwe na wenzake.