Kusoma Ujerumani: Kozi Zipi Ziko Wazi, na kwa Nani?

Barua nyingi za masomo ya nje zinazonifikia huanza na nchi: "Nataka Ujerumani, nasikia ni bure." Lakini nchi haimpi mtu nafasi. Kozi ndiyo inayompa au kumnyima, na kila kozi ina masharti yake ya lugha, ya alama, na ya masomo ambayo mwombaji awe ameshayasoma. Nimechagua maswali yanayojirudia zaidi. Waulizaji wengi wako Tanzania, wachache Kenya, na mifano inafuata mkondo huo.

Mwanangu amemaliza kidato cha sita. Wakala anasema tumlipe ada ya mwaka mzima, nami nimesikia vyuo vya Ujerumani havitozi ada. Nani mkweli? (Mama, Mwanza)

Mama, usilipe kwanza. Muulize huyo wakala mambo mawili: jina kamili la chuo na jimbo kilipo.

Katika majimbo mengi, vyuo vya umma havitozi ada ya masomo kwa shahada ya kwanza, wala kwa shahada ya uzamili inayoendeleza moja kwa moja fani aliyosomea mtu. Kinacholipwa ni mchango wa muhula, kwa kawaida kati ya euro 100 na 400, na mara nyingi tiketi ya basi na treni imo humo humo. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo lenye utaratibu wake: tangu 2017 linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, ingawa ipo misamaha. Kwa hiyo Heidelberg, Freiburg, Stuttgart, Tübingen na Karlsruhe si bure. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza wageni hao mwaka 2024, euro 2,000 hadi 3,000 kwa muhula kwa shahada ya kwanza, na 4,000 hadi 6,000 kwa uzamili. Vyuo binafsi hutoza popote vilipo, na vingi ni halali kabisa. Shida inakuja pale mzazi anapouziwa chuo binafsi akidhani ni cha serikali.

Mzigo mkubwa wenyewe hauitwi ada. Ili apate viza, mwanafunzi huonyesha kwamba ana pesa ya kuishi mwaka mmoja, na tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904. Huwekwa kwenye akaunti iliyofungwa, naye akishafika huchota euro 992 kwa mwezi. Ni pesa yake, hakuna anayeila, ila lazima ipatikane kwa mkupuo mmoja kabla ya safari. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 30. Asiye nayo atahitaji ufadhili, au mtu anayeishi Ujerumani amwekee dhamana rasmi.

Shikamoo mwalimu. Nimesoma PCB na nataka udaktari kwa Kiingereza. Nianzie wapi? (Mhitimu wa kidato cha sita, Mbeya)

Marahaba. Anzia na Kijerumani. Udaktari katika vyuo vya umma hufundishwa kwa Kijerumani, huchukua miaka sita na miezi mitatu, na huishia kwenye mtihani wa dola. Nafasi za waombaji kutoka nje ya Ulaya ni chache mno. Ukiona tangazo la udaktari kwa Kiingereza ndani ya Ujerumani, chunguza cheti kinatolewa na chuo cha nchi gani, kwa maana yapo matawi ya vyuo vya nchi nyingine.

Lugha inayodaiwa ni ya kiwango cha C1 hivi, na huthibitishwa kwa mtihani wa Kijerumani: DSH-2, au TestDaF yenye daraja la 4 katika sehemu zote nne. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam na Nairobi. Mtu anayeanza sifuri ajiandae kwa zaidi ya mwaka wa kusoma kwa bidii, na hapo sijahesabu siku za kukata tamaa.

Kozi za Kiingereza zipo nyingi, ila nyingi ni za uzamili. Za shahada ya kwanza ni za kutafuta, na utazikuta zaidi kwenye vyuo vya sayansi tumizi, vile vyenye muhula mzima wa mafunzo kazini. Rhine-Waal, kule Kleve karibu na mpaka wa Uholanzi, kinajulikana kwa kuwa na kadhaa.

Nimeambiwa cheti changu hakinitoshi kuingia mwaka wa kwanza, nipitie Studienkolleg kwanza. Hiyo ni nini? (Mhitimu wa KCSE, Mombasa)

Ni mwaka wa maandalizi kwa wale ambao cheti chao cha sekondari hakihesabiwi kuwa sawa na cha Kijerumani, na wenye KCSE hujikuta humo mara nyingi. Watanzania wa kidato cha sita hupimwa kwa kombi na ufaulu. Orodha ya kuangalia ni anabin, hifadhidata ya serikali ya Ujerumani kuhusu vyeti vya nchi za nje, iko wazi kwa yeyote mtandaoni.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba mkondo wa Studienkolleg unafunga milango mingine. Mkondo T ni wa hisabati, sayansi na uhandisi. M ni wa tiba na biolojia. W wa uchumi na sayansi za jamii. G wa fani za sanaa. S wa lugha. Ukiingia W ukafaulu, huwezi kugeuka ukaomba uhandisi. Na huko pia huingii bila mtihani, ambao ni wa Kijerumani na mara nyingi wa hisabati vilevile.

Nina GPA ya 3.6 kutoka UDSM. Kozi ninayoitaka inasema "2.5 au bora zaidi". Mbona nimewazidi sana? (Mhitimu, Dodoma)

Hujawazidi, umepita kwa wembamba. Kwa Wajerumani 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya chini ya kufaulu, kwa hiyo namba ikipanda, hali inashuka.

Wanaibadili alama yako kwa kanuni wanayoiita ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wenu, toa alama yako, gawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na ile ya chini ya kufaulu, zidisha mara 3, ongeza 1. Mfumo wa Tanzania unaishia 5.0 na kufaulu kunaanzia 2.0, tofauti yake ni 3. Hiyo 3 inakatana na 3 ya kuzidishia, kinachobaki ni hesabu ya kufanya kichwani: 6 toa GPA. Wewe wa 3.6 una 2.4. Mwenye 3.5, pale daraja la pili la juu linapoanzia, anapata 2.5 kamili. Mwenye daraja la kwanza la 4.4 anapata 1.6.

Kwa hiyo sharti la "2.5" linamaanisha daraja la pili la juu, na aliye na 3.4 amekatwa hata barua yake ya motisha iwe tamu namna gani. Wakenya wenye asilimia wanaumia zaidi. Chuo kikiichukua 100 kuwa alama ya juu na 40 kuwa ya chini, mtu mwenye 65, ambaye kwao ni daraja la pili la juu, anaangukia 2.75. Kwangu hiyo si haki, maana sijui ni mhadhiri gani wa Nairobi anayegawa 95. Lakini ndivyo hesabu inavyokwenda, na ni afadhali uijue kabla ya kulipa uni-assist, shirika linalokagua maombi ya vyuo vingi: euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi linaloongezeka katika muhula huo.

Alama ninazo, lugha ninayo, nimesoma uhandisi wa ujenzi, lakini nimekataliwa uzamili wa rasilimali za maji kwa sababu "masomo ya msingi hayatoshi". Hydrology nimesoma! (Mhandisi, Arusha)

Umesoma, ila karatasi haikusema. Jina la shahada yako kwao ni mwanzo tu wa mazungumzo. Kozi ya uzamili hutaja masomo ya msingi kwa krediti za Ulaya, zile za ECTS, kwa mfano kiasi fulani cha hisabati, kiasi fulani cha mekanika ya vimiminika. Mwaka mzima wa masomo ni ECTS 60, na moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, ukijumlisha darasani, maabara na kujisomea. Mfumo wa Tanzania unahesabu saa 10 kwa krediti moja. Sasa fikiria mkaguzi aliyeko Berlin ameshika transkripti yenye mstari mmoja: jina la somo, krediti 12, alama B+. Hakuna saa, hakuna mada, hakuna maelezo ya krediti ni nini. Akiwa na shaka, anaacha.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Nenda idarani kwako, omba nakala ya mtaala wa kila somo linalogusa masharti ya kozi: mada kwa wiki, saa za mihadhara, saa za maabara, vitabu vilivyotumika. Ipigwe mhuri. Omba na barua ya ukurasa mmoja inayosema krediti moja ni saa ngapi na mwaka mzima una krediti 120. Kisha chora jedwali lako mwenyewe: kushoto sharti la kozi, kulia somo lako na ukurasa wa mtaala linapopatikana. Wapo waombaji wanaoona haya kumsumbua mkuu wa idara. Msumbue kwa adabu, ila msumbue.

Kuna kozi zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi zetu, au sote tunagombania zile zile? (Ofisa mipango, Morogoro)

Zipo, na kwa mtu aliye kazini ndizo ningemshauri aziangalie kwanza. DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa kitaaluma, lina orodha ya kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, inayoitwa EPOS. Mwombaji awe na shahada isiyozidi miaka sita hivi na uzoefu wa kazi usiopungua miwili. Unaomba kwa kozi yenyewe, na kila kozi ina tarehe yake. Hapo ndipo watu wanapokosea, wakipeleka makaratasi yote kwa DAAD.

Kwa ofisa mipango ipo SPRING ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dortmund, iliyoanza miaka ya 1980 kwa ajili ya upangaji wa maeneo katika nchi zinazokua. Mwaka wa kwanza unasoma Dortmund, wa pili katika chuo mshirika, na mmoja wa washirika ni Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam. Mtu wa misitu aangalie misitu ya kitropiki ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, inayofundishwa kule Tharandt. Mtu wa kilimo aangalie Hohenheim, akikumbuka kwamba iko Stuttgart, ndani ya lile jimbo lenye ada.

Ninakwenda muhula mmoja tu kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Naruhusiwa kuchukua kozi yoyote? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Zanzibar)

Hapana. Unachukua zile zilizoandikwa kwenye mkataba wa masomo uliotiwa saini na wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Fani zenye ushindani mkubwa huwafungia wageni wa muhula mmoja. Omba saini ya idara yako kabla ya kuondoka, ikithibitisha kila somo la huko linachukua nafasi ya somo gani la hapa. Ukiomba baada ya kurudi utajikuta unarudia muhula.

Hivi mtu anaweza kwenda Ujerumani kusomea Kiswahili? (Mwalimu, Tanga)

Anaweza, mwalimu, na asichekwe. Kiswahili kilianza kufundishwa Berlin mwaka 1887, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa akikifundisha huko. Leo kipo Bayreuth, Leipzig na kwingineko, kwa kawaida ndani ya masomo ya Kiafrika.

Nikirudi na shahada yangu, nitaajiriwa moja kwa moja? (Mwanafunzi, Iringa)

Tanzania, shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ikatambuliwe, na mwenye fani inayosimamiwa na bodi ana hatua nyingine juu yake: mhandisi ERB, daktari Baraza la Madaktari la Tanganyika. Wakenya wana CUE, na bodi zao pia. Waulize hao kabla hujaondoka, hasa kama kozi yako ina jina jipya lisilojulikana kwetu, na hasa kama unabadili fani kati ya shahada ya kwanza na ya pili. Jibu walitoe kwa maandishi.

Nikifeli huko, kuna sapu? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Kuna kurudia mtihani. Kanuni nyingi zinaruhusu kurudia mara mbili, yaani jumla ya majaribio matatu, ingawa baadhi ya vyuo ni tofauti. Ukiishiwa na majaribio katika somo la lazima, umedisko, na kudisko kwa Kijerumani ni kuzito kuliko kwetu, kwani fani hiyo hiyo hutaisoma tena katika chuo kingine cha nchi hiyo. Kuna waliofika muhula wa tano ndipo wakagundua. Idadi ya majaribio imo katika kanuni za mitihani za kozi, hati ambayo kila chuo huiweka wazi, aghalabu kwa Kijerumani tu, hata pale kozi inapofundishwa kwa Kiingereza. Mtafute anayeweza kukusomea kipengele hicho kabla hujajiandikisha kwa mtihani wa kwanza. Na ukiona fani imekushinda, nenda ofisi ya uhamiaji ya mji wako kabla hujabadili kozi: kibali chako cha kuishi kimetolewa kwa masomo yale uliyoyaombea.