Kadi ya Disk II: Siri Imo Katika Baiti 256

Kiendesha flopi cha Disk II kilitolewa na Apple mwaka 1978 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Kadi inayokiongoza, kazi ya Steve Wozniak, ina chipu nane tu. Fundi wa kompyuta kongwe anawajibu wanaotaka kujua inavyofanya kazi.

Nianzie wapi?

Chomoa kadi, iweke penye mwanga mzuri, usome namba za chipu. Sita ni za kawaida, kama rejesta 74LS323 na kipima muda 556, na maelezo yake yanapatikana. Kisha fuata njia za shaba kwa multimita, mguu hadi mguu, huku ukichora. Inataka subira tu.

Mchoro ukikamilika, si nimemaliza?

Bado. Wengi hukwama hapo, kwa sababu mchoro hauoneshi kilichomo ndani ya chipu mbili zilizobaki, P5 na P6, kila moja ikiwa na baiti 256. P5 ni rahisi: ina programu ya kuwashia, na prosesa yenyewe inaisoma. P6 prosesa haiioni kabisa. Itabidi uitoe na kuisoma kwa kifaa cha kusomea chipu.

Ukishaisoma, usiichukulie kama programu. Ni jedwali. Anwani yake ina biti nane: nne zinataja hali ya sasa, mbili ni swichi za kusoma na kuandika, moja ni biti ya juu ya rejesta, na moja ni mpigo unaotoka kwenye diski. Baiti inayotoka hugawanyika: nusu ni hali inayofuata, nusu ni amri kwa rejesta, iwe kusogeza, kufuta, kupakia au kutulia. Jedwali hupiga hatua kama milioni mbili kwa sekunde, yaani hatua nane kwa kila biti ya mikrosekunde nne. Mpigo ukija, ni moja. Hatua zikiisha bila mpigo, ni sifuri. Kwangu mimi, huu ni miongoni mwa ubunifu mzuri kuliko wote wa zama zile.

Mbona kiendesha kinagongagonga kikiwashwa?

Programu ya kuwashia inakirudisha kichwa cha kusomea hadi traki ya mwanzo, na haina kihisi cha kuiambia kimefika. Basi inakisukuma mara nyingi ili iwe na hakika.

Kwa nini diski nyingine zina sekta 13 na nyingine 16?

P6 ya kwanza haikuruhusu sifuri mbili mfululizo. Mwaka 1980, pamoja na mfumo wa diski wa DOS 3.3, zilikuja P5 na P6 mpya zinazoziruhusu, na diski ileile ya traki 35 ikapanda kutoka sekta 13 hadi 16 kwa kila traki, yaani kutoka kilobaiti 113 hadi 140. Kwa hiyo tazama una toleo lipi kabla ya kulinganisha kazi yako na ya mwenzako.

Kuna programu za kuiga Apple II. Nihangaike ya nini?

Programu hizo zinategemea kazi hii hii. Watengenezaji wa michezo walizuia kunakiliwa kwa kutumia tabia za kadi hii, hadi muda wa biti. Ukikisia, mchezo hauwaki.

Nitajuaje nimepatia?

Rekodi mipigo ya diski ya sekta 16 na uipitishe kwenye jedwali lako. Kila sekta lazima itanguliwe na baiti D5 AA 96.