Dondoo muhimu: Kunasa makosa ya mwendelezo kwenye katuni

Ukitazama Avatar: The Last Airbender (2005–2008), anzia usoni kwa mhusika Zuko. Kovu lake la kuungua liko kwenye jicho la kushoto. Likihamia kulia na hakuna kioo wala maji mbele yake, huenda picha imegeuzwa. Kisha fuatilia kidani cha mhusika Katara: anakipoteza sehemu ya 6 ya msimu wa kwanza, anarudishiwa sehemu ya 15. Katikati ya hapo asionekane amekivaa. Mnyama Appa ana miguu sita, ihesabu. Simamisha video kila picha inapohamia kwa msemaji mwingine. Makosa mengi hujificha hapo. Nguo iliyobadilika baada ya usiku kupita si kosa. Andika sehemu na dakika, kisha tazama tena kabla hujawaambia wenzako.